Gari la Kambi Linapogoma: Dalili na Vyanzo katika Njia ya Ngorongoro na Serengeti

Msafiri anayelala katika hema lililofungwa juu ya paa la gari lake hana mapokezi ya kwenda kulalamika. Friji likizimika usiku, jiko likikataa kuchemsha chai au godoro likiamka limelowa, mwenye hoteli ni yeye na fundi ni yeye. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeendesha mwenyewe gari la magurudumu manne, hasa Land Cruiser za dizeli zilizozoeleka nchini Tanzania, likiwa na hema juu, friji la volti 12, tangi la maji na mtungi wa gesi, kisha akashika njia ya Arusha, Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Njia hiyo nimeichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndani ya siku moja gari hupita kwenye lami, hupanda mlima hadi kwenye baridi, hushuka kwenye vumbi na, katika miezi ya mvua, humalizia kwenye matope.

Jambo la kushika kabla ya kufungua boksi la spana ni kwamba tatizo huonekana kambini, lakini mara nyingi chanzo chake kimetokea saa kadhaa nyuma, barabarani, au wiki kadhaa nyuma, gari lilipokuwa likiandaliwa. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "kipi kimeharibika?" bali "nini kimebadilika tangu kifaa hiki kilipofanya kazi vizuri mara ya mwisho?" Kisha anza na vyanzo ambavyo kuvikagua hakugharimu kitu.

Friji linafanya kazi mchana, linazima usiku

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi bila sababu, kwa sababu friji hulaumiwa na kubadilishwa ilhali halina kosa. Dalili yenyewe imeshabeba jibu: friji linalopoza vizuri gari likitembea, kisha likazima saa nane usiku na kuwasha taa ya onyo, ni friji zima linalokosa umeme wa kutosha. Friji bovu halipozi hata wakati injini inaunguruma.

Kagua kwanza mahali lilipochomekwa. Soketi ya kuwashia sigara katika magari mengi hukatika umeme ufunguo unapotolewa, na hata pale isipokatika, plagi yake hulegea kwa mtikisiko. Ukiigusa plagi baada ya mwendo ukakuta ina joto, ujue mguso wake ni dhaifu, na umeme uliopaswa kufika kwenye friji unaishia hapo kama joto.

Baada ya hapo pima nyaya. Chukua mita ya umeme, subiri kompresa iwake, kisha pima volti mara mbili: kwanza kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye plagi ya friji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hasara ya njiani. Mafundi wengi hufunga soketi ya nyuma kwa waya wa milimita za mraba 1.5, waya uleule unaotumika kwenye taa za nyumbani. Kutoka kwenye betri hadi nyuma ya gari ni kama mita 5, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, jumla ni mita 10. Friji likivuta ampea 5, waya huo hupoteza takriban volti 0.6. Ukitumia waya wa milimita za mraba 6, hasara hushuka hadi karibu volti 0.15. Mtu asiyepima anaweza kuona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini kwa betri iliyobaki na volti 12.1 usiku wa manane, waya mwembamba hulifikishia friji volti 11.5, na friji lenye kinga ya betri iliyowekwa kwenye kiwango cha juu linaweza kujizima hapo kwa kudhani kwamba betri imekwisha. Tiba ya muda, ukiwa porini, ni kushusha kinga hiyo hadi kiwango cha chini kwenye mipangilio ya friji, alimradi friji halitumii betri inayowasha injini. Tiba ya kudumu ni waya mnene wenye fyuzi yake karibu na betri, na kazi hiyo ifanyike Arusha, si Seronera, katikati ya Serengeti.

Kama nyaya ni nzuri na friji bado linazima, mgeukie betri. Iache ipumzike saa chache bila kuchajiwa wala kutumika, kisha ipime. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu; ikishuka chini ya 12 inaumia, na ukiirudia hali hiyo mara kwa mara itakufa mapema. Betri ya N70 ambayo madukani hupatikana kwa urahisi imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, yaani kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kutoa ampea chache usiku kucha. Anayetaka kulisha friji anahitaji betri ya sola au ya lithiamu, iliyotenganishwa na betri ya injini kwa kifaa cha kuzigawa. Asubuhi ukigeuza ufunguo ukasikia tik-tik tu, kifaa hicho ama hakipo au kimeganda, na friji limekula umeme wa stata.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata wenye betri nzuri: usiku wa kwanza mambo huwa shwari, na taabu huanza usiku wa pili au wa tatu. Sababu ni kwamba siku ya kwanza gari lilitembea saa nyingi kutoka mjini na betri ikajaa, lakini siku zinazofuata gari huzunguka taratibu kuwatafuta simba, hukaa limezimwa saa nzima kando ya mto, na betri hupokea kidogo kuliko inavyotoa. Friji la kompresa hutumia kwa siku nzima ampea-saa 30 hadi 45 katika joto la kule. Paneli ya sola ya wati 100 juani inaweza kurudisha karibu 30, na hiyo huziba sehemu kubwa ya pengo. Angalia tu ilipofungwa. Nimekwisha kuona paneli nzuri iliyofungwa juu ya paa mahali ambapo hema likikunjuliwa huifunika yote, kwa hiyo kila gari linapowekwa kambini mchana, paneli nayo inalala. Na ukiegesha chini ya mgunga ili friji lipate kivuli, paneli nayo imepata kivuli. Paneli ya kukunja yenye waya mrefu huondoa ugomvi huo.

Mwisho kabisa ndipo ulishuku friji lenyewe, na hata hapo anza na vumbi kwenye matundu yake ya hewa na mizigo iliyobanwa ubavuni mwake. Kompresa isiyopumua huwaka muda wote na kumaliza betri.

Jiko lina moto hafifu, au maharage hayaivi

Kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye kimo cha takriban mita 2,300. Huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 92 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yatachukua muda mrefu hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Hiyo si hitilafu. Yachemshe kabisa kabla ya kupanda mlima au chukua sufuria ya presha.

Moto hafifu alfajiri ni jambo jingine. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na buteni huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi joto sifuri. Ubaridi wa ukingoni haufiki hapo mara kwa mara, lakini mtungi wenyewe hupoa zaidi kadiri gesi inavyotoka, na mtungi mdogo ulio karibu kwisha hupoa haraka. Ushike kwa mkono: ukiwa baridi kupita kiasi na umejaa umande kwa nje, chanzo ndicho hicho. Uweke ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Usiumwagie maji yanayochemka wala kuusogeza karibu na moto. Mtungi wa kilo 6 huvumilia kuliko vikopo vya gesi vya kutupa.

Moto wa njano unaopaka sufuria masizi humaanisha kwamba hewa haitoshi au kitundu cha gesi kimejaa vumbi, na baada ya siku ya barabara ya changarawe hilo ni jambo la kutarajia. Fungua kichwa cha jiko, pulizia, usichokonoe kwa waya mnene. Harufu ya gesi nayo ikisikika baada ya safari, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Mapovu yakivimba, kibano kimelegezwa na mtikisiko. Usitafute mahali gesi inapovuja kwa kiberiti.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Baridi ya ukingoni huwatia watu tamaa ya kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au ndani ya gari ili wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuiondoa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote waliomo kwa wakati mmoja. Ukiziona, toka nje kwanza, halafu ndipo uulize maswali. Blanketi la ziada halina mbadala.

Hema limelowa ndani na mvua haikunyesha

Watu wawili wakilala katika hema lililofungwa kila dirisha, pumzi zao hugeuka matone kwenye kitambaa baridi, na matone hayo hurudi kwenye godoro. Acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kidogo, yakiwa na wavu. Ili kutofautisha na kuvuja kwa kweli, gusa mishono: maji ya mvua hufuata mshono na kudondoka mahali palepale, lakini ya pumzi hutanda kila mahali. Hema lililokunjwa likiwa bichi likunjuliwe mchana huohuo. Likisafiri siku mbili limefungwa, ukungu utaota, na harufu yake haitoki.

Vumbi linaingia nyuma

Vumbi huingia kwa sababu gari linalokwenda huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo hunyonya hewa kupitia kila mpira wa mlango uliochakaa. Wengi hufungua dirisha la nyuma ili vumbi litoke, na kwa kufanya hivyo hulikaribisha zaidi. Fanya kinyume: funga madirisha yote, washa feni ya ndani ikivuta hewa kutoka mbele, ili ndani ya gari kuwe na msukumo wa kutoka nje. Usiku, bana karatasi nyepesi kwenye mlango wa nyuma, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mahali hapo umekufa.

Kelele, kulegea na tairi kupasuka ubavuni

Barabara ya kutoka Naabi, lango la kuingilia Serengeti, kwenda Seronera inajulikana kwa mikunjo yake midogo, iliyojipanga kama bati la paa. Mikunjo hiyo huifanya kila nati ijifungue taratibu, na ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi ambazo huonekana kuwa hazina uhusiano: soketi iliyolegea, kibano cha gesi, kichwa cha betri kinachocheza, tangi la maji lililotoboka kwa kusuguana na bolti. Ukisikia mgongano mpya chini ya gari, simama mahali panaporuhusiwa na salama, kisha shika shokapu moja baada ya nyingine kwa uangalifu. Zote zinapaswa kuwa na moto unaofanana. Iliyo baridi katikati ya zenye moto haifanyi kazi, na iliyolowa mafuta imevuja.

Kabla ya kulala, zungukia bolti za rafu ya juu inayobeba hema. Hema la paa huwa na uzito wa kilo 50 au zaidi, na bolti moja ikitoka, zilizobaki hubeba kazi ambayo hazikupangiwa.

Upepo wa tairi ndio tiba ya bei nafuu kuliko zote. Msafiri hujaza upepo mjini kwa ajili ya lami na mzigo, kisha huingia kwenye changarawe akiwa na upepo uleule. Tairi gumu hupitisha kila pigo kwenye gari na hukatwa kirahisi na jiwe. Punguza kama robo ya upepo baada ya lami kuisha kwenye lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na upunguze mwendo pia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki kwa kamba za kuzibia. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na kwa gari la kambi huo unatosha. Beba pampu ndogo ya kurudishia upepo. Bila hiyo hutathubutu kuupunguza.

Injini inachemka

Geji ya joto ikipanda, angalia inapanda lini. Ikipanda gari linapokwenda taratibu au likiwa limesimama, kisha ikashuka ukikimbia, feni haivuti hewa ya kutosha. Ikipanda ukiwa na kasi au ukipanda mlima mrefu, rejeta imeziba, ndani au nje. Katika Serengeti baada ya mvua huwa naangalia nje kwanza, kwa kuwa mbegu za nyasi ndefu hujaa kwenye mapezi ya rejeta hadi hewa isipite. Zipulize kutoka upande wa injini kuelekea mbele, na funga wavu mwepesi mbele ya rejeta. Nyasi hizohizo zikikusanyika juu ya ekzosi zinaweza kushika moto, kwa hiyo chungulia na huko.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kama maji bado yamo, iache injini iungurume taratibu huku umewasha hita ya ndani. Itakuchoma wewe, lakini itaipunguzia injini joto.

Gari limezama kwenye udongo mweusi

Kati ya Novemba na Mei, udongo mweusi wa mbuga katika eneo la Ndutu na katika mabonde ya Serengeti hugeuka utelezi baada ya mvua ya saa moja. Dalili ya mwanzo ni usukani kuwa mwepesi na matairi kujaa tope hadi meno yake yasionekane. Hapo usiongeze mafuta. Magurudumu yakizunguka bila gari kusogea, kila sekunde inachimba shimo. Rudi nyuma kwa njia uliyojia ukiwa kwenye gia nzito, na ukishindwa, chimba mbele ya matairi yote manne, weka mbao au vibao vya kujinasulia, na punguza upepo zaidi. Kabla ya mtu yeyote kushuka, tazama pande zote, na mmoja abaki akiangalia wakati wengine wanachimba. Kulizunguka dimbwi kwa kutoka nje ya barabara ni kosa ndani ya hifadhi, na pia ndiko magari mengi yanakozama.

Pampu ya maji inawaka yenyewe

Pampu inayonguruma sekunde mbili kila baada ya dakika chache, bomba likiwa limefungwa, inakuambia kuna mahali panavuja. Fuata mpira kwa mkono mkavu hadi ukute unyevu. Ikiunguruma bila kukoma, tangi limekwisha au inavuta hewa. Maji yenye harufu hutokana na tangi lililokaa na maji ya safari iliyopita; lioshe kwa dawa ya klorini na kulisuuza kabla ya kuondoka nyumbani.

Chakula kimeibwa mchana, viatu usiku

Mwizi wa mchana ni nyani au tumbili, na chanzo ni dirisha lililoachwa wazi au meza iliyoachwa kwa dakika moja. Fisi huchukua kitu chochote cha ngozi kilichobaki chini ya ngazi ya hema. Kambi za umma za Seronera hazina uzio, ila zina majengo ya kupikia yaliyozungushiwa wavu. Pika na ule humo, na mabaki yasilale nje. Tembo wanaofika kambi ya Simba hufuata maji ya tangi la kambi, si wewe, lakini matunda ndani ya hema yanaweza kuwabadilishia mawazo. Wakifika, kaa juu, zima tochi na usubiri.

Unafika kambini giza limeingia

Kutoka Karatu hadi Seronera hazifiki kilomita 200, na mtu wa mjini huzihesabu kuwa ni saa tatu. Zinachukua siku karibu nzima, ukijumlisha malango mawili, mteremko wa kreta, vumbi na kusimama kutazama wanyama. Kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, kwa hiyo kuchelewa si usumbufu tu.

Chanzo cha kuchelewa mara nyingi ni foleni ya malipo. Malango ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa, linalosimamia Serengeti) na ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro hayapokei fedha taslimu, na mtandao wa kadi huweza kukatika. Lipa kabla, kupitia benki kwa namba ya malipo iliyotolewa na mamlaka husika, na uchapishe risiti. Kumbuka pia kwamba Ngorongoro na Serengeti ni mamlaka mbili zenye vibali viwili, na kwamba anayepita tu Ngorongoro kwenda Serengeti naye hulipia kupita huko, kwenda na kurudi. Kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia: aliyeingia Naabi saa nane mchana anatakiwa awe ametoka kabla ya saa nane ya siku ya mwisho aliyoilipia, na pancha moja njiani ikimla saa nzima, ada ya ziada hudaiwa langoni. Ondoka Seronera mapema kuliko ramani ya simu inavyokushauri, ukiwa umejaza mafuta kwenye kituo cha hapohapo.